Yeye Hurushiwa Mawe, Mimi Hutafutiwa Mume

Nilizaliwa na kukulia Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kivuko, katika mtaa ambao nyumba zake zimebanana kiasi kwamba ukikohoa chumbani mwako jirani anakupa pole. Rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Fundi kwa sababu ndivyo anavyoitwa na kila mtu, alizaliwa nyumba chache kutoka kwetu. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, tukachapwa kwa bakora moja, na kila mmoja wetu akaanza kujijua kivyake, kwa siri, miaka mingi kabla hatujaambiana: yeye ni mwanamume anayependa wanaume, na mimi ni mwanamke ninayependa wanawake. Kwa kuwa tumetoka uchochoro mmoja, dini moja na dhiki moja, mtu angedhani kwamba hata kubaguliwa tungebaguliwa kwa namna moja. Haikuwa hivyo. Yaliyompata yeye na yaliyonipata mimi yamepishana kwa sauti, kwa mahali, kwa watu waliotutenda na kwa sababu walizozitoa, na haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuyaweka maisha yetu mawili sambamba kwa muda mrefu.

Nianze na chuki ambayo kila mtu anaitambua, ile yenye kelele. Februari 2010 Fundi alikuwa akijifunza ushonaji kwa tajiri mmoja huko Mtwapa, uvumi ulipoenea kwamba wanaume wawili wanakusudia kuoana hapo mjini. Harusi yenyewe haikuwapo, lakini uvumi ulitosha. Viongozi wa dini walitoa wito, umati ukazingira kituo cha utafiti wa afya kilichokuwa kikitoa huduma za Ukimwi, watu wakapigwa, na polisi walipofika wakawachukua baadhi ya wale waliokuwa wakishambuliwa. Fundi alijifungia dukani, akajikunyata chini ya meza ya kukatia vitambaa. Anachokikumbuka zaidi hadi leo si vitisho vyenyewe, bali sauti moja katikati ya sauti nyingi: aliitambua kuwa ya baba aliyeleta kitambaa cha sare ya mtoto wake asubuhi ile, akamwomba amfanyie haraka kwa sababu shule haimpokei mtoto bila sare. Siku chache baadaye baba huyo alikuja kuichukua, akalipa, akashukuru, akauliza kama Fundi anaweza kupunguza na suruali yake kiunoni.

Kisa hicho kilitupa fundisho la kwanza. Sisi tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba wapo watu wenye chuki na watu wasio nayo, na kwamba kazi yetu ni kuwajua wa kwanza na kuwakwepa. Baba yule hakuwa mtu wa chuki siku zote. Alikuwa mtu wa chuki ndani ya umati, na mteja mwema akiwa peke yake. Chuki ya namna hiyo hulala ndani ya watu wa kawaida, ikisubiri ruhusa, na ruhusa hutolewa na mtu mwenye kipaza sauti. Ndiyo maana Fundi, kila anaposikia mwanasiasa amelizusha suala letu karibu na uchaguzi, hutazama kwanza kufuli la duka lake.

Halafu ipo sheria. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile, na kifungu cha 165 kinaweka miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Asili yake ni sheria ambayo Waingereza waliitunga kwa ajili ya India mwaka 1860, kisha wakaileta huku pamoja na mambo yao mengine. Wahindi wenyewe, kupitia Mahakama yao ya Juu, waliiondoa adhabu hiyo kwa watu wazima waliokubaliana Septemba 2018. Sisi, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitusomea uamuzi kwamba vifungu vyetu vitabaki. Wanaofikishwa kizimbani kwa vifungu hivyo ni wachache mno. Mtu asiyejua mambo atauliza basi vinamdhuru nani, na jibu ninalo, kwa sababu nilimkopesha Fundi fedha ya kulipia.

Alikuwa amezungumza na kijana mmoja kwenye simu kwa wiki kadhaa, wakaafikiana kukutana. Alipofika mahali walipoahidiana alikuta wanaume wengine wawili, mmoja akampitishia kitambulisho usoni kwa haraka hata hakuweza kukisoma, mwingine akamwonyesha mazungumzo yao yote yakiwa tayari yamepigwa picha. Hawakumpiga. Walimwambia kwa adabu kabisa, wakimwita ndugu yangu, achague kati ya kituo cha polisi, kundi la WhatsApp la mtaa, na kutuma fedha kwa simu. Akatuma alichokuwa nacho, akanipigia mimi nimwongezee. Nilipomshauri aende kuripoti alinijibu kwa swali: akifika kituoni na kuulizwa alikuwa amefuata nini pale, aseme nini? Hayo ndiyo matumizi makubwa ya vifungu 162 na 165 katika maisha yake. Havijamfunga, lakini vimemfanya awe mtu anayeweza kuibiwa na yeyote bila mwizi kuogopa.

Mimi sheria hiyo hainitaji waziwazi. Kifungu cha 165 kinazungumzia wanaume tu, na wapo walioniambia kwamba nishukuru. Zanzibar waliziba pengo hilo mwaka 2004, wakawaingiza wanawake katika sheria yao kwa jina. Hapa kwetu pengo limebaki, na kwa muda mrefu nililiona kama mwavuli. Baadaye nilielewa kwamba waliotunga sheria hawakunisamehe, hawakuniona. Hawakudhani kwamba wanawake wawili wanaweza kufanya pamoja jambo zito kiasi cha kutungiwa kifungu. Na huko kutoonekana ndiko kulikonitesa kwa njia ambazo Fundi hazijui.

Kabla sijayafikia yangu, niseme jambo kuhusu Fundi ambalo wageni wa Pwani hulishangaa. Katika sherehe za wanawake yeye ni mtu wa heshima zote. Bibi harusi hajapambwa mpaka Fundi amekagua. Dera la mama wa bibi harusi ameshona yeye, kiti cha kukalia maharusi amekipanga yeye, na ngoma ikikolea wanawake humsukuma katikati, wakampigia vigelegele na kumtunza noti. Mwanamume mwingine akichungulia tu dirishani atafukuzwa kwa matusi, lakini yeye amekaa katikati ya wanawake waliovua mabuibui, na hakuna anayejifunika. Nimewasikia watu wakitoa mfano huo kuthibitisha kwamba Waswahili hawana ubaguzi, na kwamba shida yote imeletwa na wanasiasa na wahubiri wa televisheni.

Nimehudhuria sherehe hizo za kutosha kujua mipaka ya ukarimu ule. Fundi anakaribishwa akiwa kichekesho. Akicheza ni sawa, akisengenya ni sawa, akimwambia mama fulani kwamba rangi aliyoivaa inamzeesha watu wanaanguka kwa kicheko. Mwaka aliofiwa na mtu aliyempenda, akaja ukumbini na uso mzito, mama mwenye shughuli alimvuta pembeni na kumwambia, "Mwanangu, usinitie nuksi kwenye harusi ya binti yangu, changamka." Alijua msiba wenyewe, mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyempa pole, kwa sababu kumpa pole kungekuwa kukiri kwamba alichokuwa nacho na marehemu kilikuwa kitu. Na watoto wa kiume wa wanawake walewale wanaomtunza noti ndio humpigia miluzi akirudi nyumbani usiku, na mara moja walimrushia mawe. Mama zao husema ni utoto.

Mimi sijawahi kurushiwa jiwe. Mimi nimetafutiwa mume. Tangu nilipomaliza kidato cha nne, shangazi zangu waliniletea habari za mwalimu, wa dereva wa bandari, wa mjane mwenye watoto wapole, wa Mwarabu wa Muscat aliyehitaji mke wa pili mwenye elimu. Kila nilipokataa hawakunikasirikia, walinihurumia. Nikafikia umri ambao huruma inageuka wasiwasi, na wasiwasi ukapata jina: jini mahaba. Kwetu msichana anayekataa wachumba bila sababu inayoeleweka huaminika kuwa amependwa na jini, ambaye kwa wivu anamtia chuki na wanaume. Shangazi yangu mkubwa, mwanamke ambaye alinilea na ambaye nampenda, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mwanangu, wewe hukatai. Anayekataa ni mwenyewe."

Nilipelekwa kusomewa. Nataka kuieleza hali hiyo kwa haki, kwa maana waliokuwapo walinitakia mema na dini yao ndiyo dini yangu. Nilikalishwa kwenye mkeka, nikafunikwa kwa leso nyeupe, mwalimu akasoma kwa sauti nzuri, mama akilia kimyakimya nyuma yangu. Kisha ikaletwa sahani ya kombe, aya zikiwa zimeandikwa kwa zafarani kwa mwandiko mwembamba, zikaoshwa kwa maji ya waridi mpaka maji yakawa ya manjano, nikayanywa yote. Mwalimu aliuliza jini jina lake, nami nikanyamaza, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine ndani yangu wa kumjibu. Unyamavu wangu ukachukuliwa kuwa ukaidi wa jini. Tulirudi kwa mwalimu yule tena na tena.

Ugumu wa chuki ya aina hii ni kwamba haina adui. Fundi akipigwa, anajua amepigwa, na hata majirani wasiompenda hukubali kwamba mawe yanaumiza. Mimi nilikuwa nimezungukwa na wanawake wanaofunga na kuniombea, wanaouza dhahabu yao kulipia visomo, na kila walipoongeza mapenzi ndivyo walivyozidi kunifuta. Siku nilipojipa ujasiri nikamwambia shangazi waziwazi kwamba yupo mtu nimpendaye na kwamba ni mwanamke, hakuniita mchafu. Alicheka kidogo, akasema kwamba wasichana wote hupendana namna hiyo wakiwa shule, na kwamba nikishika mimba ya kwanza nitasahau. Nilikuwa na zaidi ya miaka 30.

Nilikuja kusoma baadaye maandishi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Gregory Herek, ambaye tafiti zake zimeonyesha kwamba wanaume kwa kawaida huwa na uadui mkubwa zaidi kwa mashoga kuliko kwa wasagaji. Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo na kuhitimisha kwamba sisi wanawake tumepona. Mimi nayasoma kwa macho ya Likoni, na naona kwamba kupima uadui peke yake hakutoshi, kwa sababu shangazi yangu angeulizwa kama ana uadui nami angeapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hana, na angekuwa mkweli.

Nikimtazama Fundi na kujitazama mwenyewe, naona kwamba mizizi ya mambo yote mawili inakutana chini. Yeye anadharauliwa kwa sababu inasemekana amejishusha akawa kama mwanamke. Ushahidi ni kwamba wale wanaume wanaomfuata usiku, wenye wake na watoto, hawadharauliwi hivyo. Basha, yaani mwanamume wa namna hiyo, anaweza kukaa barazani na wenzake akanywa kahawa, na watu wakamcheka kwa utani wa kiume, ilhali aliyekuwa naye jana yake hawezi kupita mbele ya baraza hilo bila kutukanwa. Mimi nami sidharauliwi kwa kumpenda mtu nisiyestahili kumpenda. Nadharauliwa kwa kudhani kwamba maisha ya mwanamke yanaweza kukamilika bila mwanamume kuyakamilisha. Katika hali zote mbili anayewekwa chini ni mwanamke: Fundi kwa kufananishwa naye, mimi kwa kuwa ndiye. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba suala letu ni la mashoga na wasagaji tu, na kwamba wanawake wengine haliwahusu.

Kutoaminika huku kuna mwisho wake mbaya, na sitaki nionekane kana kwamba nasema wanawake hupata huruma tu. Mwanamume akishawishika kwamba wewe hujui unachokitaka, wapo wanaojipa kazi ya kukufundisha. Nilipohamia Nairobi, jirani mmoja wa ploti, kijana aliyekuwa akinibebea mtungi wa gesi, aliniambia bila hata kuinua sauti kwamba mimi na mwenzangu wa maisha tunahitaji usiku mmoja tu na mwanamume kamili. Alisema kama anayetoa ushauri. Tulihama mwezi uleule. Aprili 2022 Sheila Lumumba, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa huko Karatina, na familia yake ikaeleza kwamba alikuwa amebakwa kabla ya kuuawa. Afrika Kusini, ambako katiba ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi wa aina hii na ndoa za jinsia moja zilihalalishwa mwaka 2006, Eudy Simelane, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, alibakwa na kuuawa kwa kuchomwa visu mwaka 2008 katika mtaa wake wa KwaThema. Ninaposikia maneno ya kijana wa mtungi wa gesi, nasikia hatua ya kwanza ya njia ambayo mwisho wake umeshaonekana.

Hospitalini pia tumetengana. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, wakalazimishwa kupimwa sehemu zao za siri eti kuthibitisha ushoga wao, na Mahakama Kuu ikaona hakuna ubaya. Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa ililibatilisha jambo hilo Machi 2018. Katika miaka hiyo yote ya katikati Fundi hakukanyaga hospitali ya serikali, hata kwa malaria; alinunua dawa kwenye duka la dawa na kujitibu. Alipokwenda hatimaye katika kliniki moja, mhudumu wa mapokezi aliinuka akawaita wenzake wawili, wakaja wakasimama mlangoni kumwangalia, kisha wakarudi kazini. Hawakusema neno.

Mimi naonekana lakini kwa umbo la mtu mwingine. Nikienda na maumivu ya tumbo naulizwa mume wangu yuko wapi, natumia njia gani ya kupanga uzazi, na nikijibu kwamba situmii yoyote na siwezi kuwa na mimba, napimwa mimba. Mipango ya Ukimwi nchini inawatambua wanaume wanaojamiiana na wanaume kuwa kundi la kupewa kipaumbele, ikawajengea vituo rafiki na kuwafunza wahudumu, na ni jambo jema lililookoa maisha. Lakini lilikuja kwa sababu ya virusi, wala si kwa sababu ya utu, na kwa kuwa sisi hatukuhesabiwa katika hatari hiyo, hakuna aliyefikiria mhudumu afunzwe nini kuhusu sisi. Fundi alipewa mlango wa nyuma. Mimi sikupewa mlango.

Nairobi ilinifundisha chuki yenye tai. Ofisini kwetu hakuna anayemtukana mtu. Mwenzangu wa meza ya pili, msomi na mcheshi, huwa anasema kwamba yeye hana tatizo na watu hao mradi wasijionyeshe. Nilianza kuangalia maana ya kujionyesha. Yeye ana picha ya harusi mezani, hupiga simu kwa mkewe kila saa saba, hutuchangisha mtoto akizaliwa, na Jumatatu hutusimulia walikokwenda familia nzima. Mimi nikitaja kwamba mwishoni mwa wiki nilimpeleka mtu hospitali, nalazimika kusema dada, ama binamu, ama rafiki wa chuo, na nikumbuke Jumatatu ijayo nilisema yupi. Mwenzangu hajioni anajionyesha, kwa kuwa maisha yake ni hewa na yangu ni moshi. Tulipofiwa, yaani alipofariki baba wa mwenzangu wa maisha, niliomba ruhusa ya siku moja kwa ajili ya jirani.

Wenye nyumba nao wana lugha yao. Mwanamume mmoja peke yake chumbani huogopwa, lakini wanawake wawili wanaoishi pamoja hupokelewa vizuri, maana huaminiwa kwamba hawataleta fujo. Hapo kutoonekana kulitufaa kwa miaka. Kukatufaa hadi siku mke wa mwenye nyumba alipohesabu vitanda. Utafiti wa Afrobarometer uliochapishwa mwaka 2016 uliwauliza watu wa nchi 33 za Afrika kama wangependa, au angalau wasingejali, kuwa na jirani anayependa watu wa jinsia yake, na kwa wastani asilimia 21 tu ndio waliokubali. Cape Verde walikuwa asilimia 74 na Afrika Kusini 67. Nilipoona takwimu hizo nilimfikiria mama yule, ambaye kwa miaka alikuwa na majirani wa namna hiyo, akawaazima kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akawaachia mtoto wake wakati wa kwenda sokoni, na hakujua kwamba yeye ni jibu la swali lile.

Mwaka 2023 ulizikutanisha chuki hizi zote mahali pamoja. Mwanzoni mwa Januari mwili wa mwanamitindo Edwin Chiloba ulipatikana ndani ya sanduku la chuma karibu na Eldoret. Fundi alikuwa akiyafuatilia mavazi yake mtandaoni na kuyaiga mishono. Kilichomliza zaidi ya kifo ni maoni ya watu chini ya habari hiyo: wengine walifurahia, wengine wakauliza nani alimtuma, na hata wale wenye staha wakaandika kwamba hakuna anayestahili kuuawa, lakini. Tarehe 24 Februari Mahakama ya Juu ikaamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, kesi ambayo wakili Eric Gitari aliianza muongo mmoja nyuma. Hukumu hiyo haikugusa vifungu 162 na 165, wala haikumwozesha mtu yeyote. Ilisema tu kwamba nasi tunaweza kuunda chama kama wengine.

Kundi la familia yetu la WhatsApp, ambalo kwa kawaida ni la dua za Ijumaa na michango ya matanga, liligeuka kwa usiku mmoja. Zikamiminika sauti zilizorekodiwa, picha za watoto wa shule zenye maandishi mekundu, madai kwamba Wazungu wanawalipa vijana wetu. Shangazi aliyenipeleka kusomewa alikuwa akisambaza kama wengine. Niligundua kwamba katika mawazo yake yule anayelipwa na Wazungu ni mtu mwingine kabisa, mgeni, wa mjini, asiye na mama. Mimi ni mwanawe mwenye jini. Angeweza kutaka wale wafungwe wote na usiku uleule akaniombea nipate usingizi mwema. Binamu yangu mmoja peke yake aliandika kwamba watu wakumbuke humu ndani kuna wanafamilia wa kila aina. Hakujibiwa. Baadaye alitolewa kwenye kundi, na ikaelezwa kwamba simu ya msimamizi ilikuwa na hitilafu.

Yapo pia tunayotendeana wenyewe, na mtu wa nje huwa hayasikii. Wanaume wenye kazi na magari, wapendao wanaume kama Fundi, hawakubali kuketi naye mkahawani mchana. Anawaaibisha kwa mwendo wake. Katika vikao vya kutetea haki nilivyowahi kuhudhuria, wanaume ndio waliozungumza na wanawake ndio walioandika kumbukumbu na kupanga viti. Fundi mwenyewe, anayenipenda kama pacha wake, huniuliza kwa kicheko nani kati yangu na mwenzangu wa maisha ni mume. Ilan Meyer, mtafiti aliyeandika mwaka 2003 kuhusu mzigo wa ziada unaobebwa na watu kama sisi, anaeleza kwamba mzigo huo hautokani na yanayotupata tu, bali pia na kuyatarajia, kujificha, na kuyaamini yale tunayoambiwa. Katika mambo hayo, kuyatarajia ndiko kunakonichosha kuliko yote. Nikiingia mahali papya natafuta kwanza mlango wa kutokea, na sura za watu nazisoma kabla ya kusoma bango la ukutani.

Fundi na mimi bado tunabishana kuhusu dawa ya chuki hizi. Yeye anasema sheria iondolewe kwanza, mengine yatafuata. Mimi humjibu kwa Afrika Kusini: wameandika kila kitu kwenye katiba na bado Eudy Simelane aliuawa nyumbani kwao, basi sheria ingemzuia vipi shangazi yangu kuandika kombe, au kijana wa ploti kutoa ushauri wake? Mara ya mwisho tulipobishana alikuwa akipinda upindo wa dera, na hakuinua kichwa. Aliniambia kwamba waliomuua Simelane walikamatwa, mmoja akapewa miaka 32 na mwingine kifungo cha maisha, na familia ya marehemu ilikwenda mahakamani bila kumficha mtoto wao alikuwa nani. "Mimi walioniibia," akasema, "ningekwenda kuwashitaki, nikarudi nyumbani? Wewe unataka watu wabadilike moyo. Mimi nataka kwanza niweze kuripoti wizi." Katika hilo la wizi nimekubaliana naye. Kuhusu shangazi yangu hajanishawishi, na juzi tu shangazi mwenyewe amenipigia simu kunieleza habari za mhandisi mmoja wa Malindi.